Senti Sitini za Shosho

Baada ya kumaliza kidato cha nne nilifanya kazi ya pampu kwa miezi 11, katika kituo cha mafuta ambacho sitakitaja jina, karibu na soko la Gakindu, kule Mukurweini. Pampu zilikuwa tatu: petroli, dizeli na mafuta taa. Kila tarehe 14 jioni tulingoja redio itangaze bei mpya, halafu usiku supavaiza anabadilisha nambari kwenye pampu na mimi napanda ngazi kubadilisha zile za ubao wa barabarani. Bei ya petroli ilikuwa na tarakimu tano, tatu za shilingi na mbili za senti. Za senti ndizo zilinisumbua, kwa sababu vibao vya 4 na 7 vilikuwa vimepotea na ilibidi nivichore kwa rangi. Nakumbuka nikiwa juu ya ngazi nikijiuliza kazi yote hii ni ya nini, na hakuna mtu amewahi kunilipa kwa senti hata siku moja.

Shosho alikuja siku ya soko. Alikuwa na chupa ya lita moja iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Akasema, "Weka lita moja, kijana yangu. Usiongeze na usipunguze." Bei ya mafuta taa mwezi huo ilikuwa shilingi 80 na kitu, na iliishia na senti 40. Nikaweka lita moja kamili, akanipa noti ya mia, nikamrudishia chenji kama nilivyokuwa nikimrudishia kila mtu: niliisukuma ile bei mpaka shilingi inayofuata. Akahesabu. Akahesabu tena. Halafu akasimama pale pale.

"Na zile senti sitini?"

Nilicheka. Haikuwa dharau, nilidhani ananitania. "Shosho, senti hazipatikani siku hizi."

"Najua hazipatikani. Ni za nani?"

"Lakini ni kidogo tu, shosho."

"Sijakuuliza kama ni kidogo. Nimekuuliza ni za nani."

Nyuma yake kulikuwa na Probox imejaa watu na magunia, na dereva alishaanza kupiga honi. Akatoa mkono dirishani, ameshika shilingi moja. "Shosho, shika hii bob uende nyumbani." Watu wakacheka. Shosho hakumgeukia haraka. Alifunga chupa yake kwanza, akaiweka kwenye kiondo, ndipo akamwambia, "Weka pesa yako, mtoto wangu. Mimi siombi."

Nikatoa shilingi mfukoni mwangu nikampa. Akaipokea bila asante. Akasema, "Sasa ni mimi niko na deni yako. Senti arobaini." Kisha akaenda zake.

Miaka mingi baadaye, nikisoma mambo ya bei kwa sababu nyingine kabisa, nilikutana na vituo vya mafuta vya Marekani, na shosho akanirudia. Kule mafuta huuzwa kwa galoni, na karibu kila ubao unaishia na sehemu tisa za kumi za senti. Unaona dola 3.49, halafu kando, kwa tarakimu ndogo, 9/10. Hakuna sarafu ya kulipa kitu kama hicho. Sarafu ndogo kabisa waliyowahi kuwa nayo ilikuwa ya nusu senti, ikakomeshwa mwaka 1857. Hata ile ya senti moja waliacha kuitengeneza kwa matumizi ya kila siku Novemba 2025. Mazoea haya yalikua wakati galoni iliuzwa chini ya senti 20 na kodi za mafuta zikihesabiwa kwa vipande vya senti: kodi ya serikali kuu ilianza mwaka 1932 kwa senti 1 kwa galoni, na mwaka uliofuata ikawa senti 1 na nusu. Kwenye kitu cha senti 18, kuongeza senti nzima kunaonekana, kwa hivyo kipande kilikuwa na kazi yake. Leo galoni huuzwa kwa dola kadhaa, na kipande bado kipo.

Kinachokiweka pale ni jicho la mnunuzi. Manoj Thomas na Vicki Morwitz walionyesha mwaka 2005 kwamba akili huanza kupima bei kutoka kushoto, kabla jicho halijamaliza kusoma. Tofauti ya 2.99 na 3.00 watu huiona kubwa, lakini ya 3.59 na 3.60 hawaioni, ijapokuwa ni senti ile ile. Eric Anderson na Duncan Simester nao walichapisha mwaka 2003 majaribio ya katalogi za nguo ambapo gauni la dola 39 lilinunuliwa zaidi kuliko gauni lile lile lilipowekwa dola 34. Tarakimu 9 yenyewe ilikuwa imekuwa tangazo la ofa. Nisijifanye mjanja hapa: nimewahi kununua viatu vya 1,999 mjini Nyeri na nikamwambia mke wangu ni vya elfu moja na kitu. Wala sikuwa nadanganya, ndivyo nilivyovikumbuka.

Lakini huyo Mmarekani, ukimfuatilia mpaka mwisho, hajapoteza kitu. Akinunua galoni 20 kwa 3.499, jumla inakadiriwa mara moja tu, na tofauti na 3.50 ni senti 2, tena kwa faida yake. Amechezewa jicho na mfuko ukabaki salama. Nilipofika hapo kwenye kusoma nikajua kwamba shosho wa Gakindu alikuwa akilalamikia kitu kingine.

Senti zetu hazitoki kwa muuzaji. Tangu Desemba 2010 bei ya juu kabisa ya mafuta Kenya huwekwa na serikali, zamani kupitia ERC na sasa EPRA, mji kwa mji, kuanzia tarehe 15 hadi 14 ya mwezi unaofuata. Wanachukua gharama ya mafuta kufika bandarini, kubadilisha dola, usafirishaji, faida ya muuzaji, ushuru mmoja mmoja, wanajumlisha, na jumla inaangukia popote itakapoangukia. Petroli Nairobi: Oktoba 2023, 217.36. Julai 2024, 188.84. Oktoba mwaka huo, 180.66. Septemba 2025, 184.52. Hakuna mtu aliyekaa akachagua hiyo 36 ili ikufurahishe. Ingekuwa mtego wa jicho ungeona 99 kila mwezi.

Na bado zina kazi kwenye akili. Bei yenye senti inaonekana imepimwa. Thomas yule yule, pamoja na wenzake, waliandika mwaka 2010 kwamba nambari isiyo kamili, yenye tarakimu mpaka mwisho, watu huiona ndogo kuliko nambari ya mviringo inayokaribiana nayo. Waliona hivyo hata kwenye bei za nyumba. Mimi naongeza jambo la Mukurweini: bei yenye senti inaonekana ni ya haki. Ukisoma 184.52 unasikia kama ubao unakuambia, hatujaongeza hata senti moja juu ya ile ya serikali. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya hiyo bei, ni dari tu, lakini kwetu dari na bei vilikuwa kitu kimoja, na wale wa kwetu walijivunia kuandika mpaka senti ya mwisho.

Sasa fikiria nilichokuwa nikifanya mimi chini ya ule ubao. Dari ni 80 na kitu na senti 40. Nimechukua shilingi nzima. Kwa lita moja nimepita dari kwa senti 60, mchana kweupe, chini ya nambari niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe kuonyesha kwamba hatupiti dari. Ubao ulikuwa unasema ukweli na mkono ulikuwa unafanya mengine. Hilo sikuliona siku hiyo. Niliona mama mzee anachelewesha foleni.

Utaniambia nilikuwa nifanye nini, na senti hazipo. Ni kweli hazipo. Wazee wetu walizijua zile za koloni zenye tundu katikati, na ndururu, na sumuni. Baada ya uhuru zikaja zenye uso wa Kenyatta. Desemba 2018 Benki Kuu ilipoleta sarafu mpya, zilikuwa za shilingi 1, 5, 10 na 20, basi. M-Pesa, iliyoanza 2007, haikubali kutuma senti. Kwa hivyo kila mwezi serikali inatangaza bei ambayo raia wake, akitaka lita moja, hawezi kuilipa hata akiwa na nia njema. Lazima mmoja kati ya hao wawili aachilie kitu. Mimi sioni ubaya wowote katika kukadiria. Ukikadiria kama mwalimu wa hesabu anavyofundisha, chini ya nusu inashuka na nusu kwenda juu inapanda, basi leo nitapoteza, kesho utapoteza, na mwaka ukiisha tumeachana sawa. Kwa hesabu hiyo ile senti 40 ya mafuta taa ilikuwa ishuke. Mbona haikushuka hata siku moja? Katika miezi 11 sikumbuki hata siku moja nikimwambia mteja, "Hizo senti wacha tu."

Jambo hili utaliona vizuri zaidi kwenye nauli. Julai 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulitoka asilimia 8 hadi 16, na petroli Nairobi ikaruka kutoka 182.04 hadi 195.53. Nauli yangu ya kwenda Nyeri ikapanda hamsini. Oktoba 2024 petroli ikashuka mpaka 180.66, yaani chini ya ile ya kabla ya ushuru kuongezwa. Nauli haikusogea. Nilimuuliza makanga mmoja, akaniambia, "Buda, wewe unasoma gazeti sana." Septemba 2025 ilitangazwa kwamba petroli imeshuka kwa senti 79 na dizeli kwa senti 11. Senti 11! Ilisomwa kwenye taarifa kwa sauti ile ile ya habari njema. Mafuta yakipanda, kupanda kwake kunafika kwa abiria kama noti. Yakishuka, yanashuka kwa senti, na senti hazina mahali pa kushika.

Hapa mtu wa boda atasema haya yote hayamhusu. Yeye hanunui lita. Anasimamisha nduthi na kusema, "Weka ya soo." Soo ni soo, hakuna chenji, hakuna ubishi. Hivyo ndivyo watu wengi wa kwetu hununua mafuta, na mafuta taa yalikuwa hivyo zaidi, ya mbao, ya hamsini, mtoto ametumwa na chupa ya soda. Kumbe kipande hakijaondoka, kimehamia upande mwingine wa pampu. Kwa bei ya 184.52, ya soo ni lita 0.54. Nani anaangalia 0.54? Jicho la mteja liko kwenye shilingi, linangoja zifike mia. Pampu hukaguliwa na kupigwa muhuri na watu wa vipimo, na sina sababu ya kuzishuku. Nasema tu kwamba anayenunua kwa lita huiona senti inavyompotea, na anayenunua kwa shilingi hana njia ya kujua kama kuna kilichopotea. Huyo wa pili ndiye mwenye pesa kidogo zaidi. Septemba 2023, kwa taarifa yako, lita ya mafuta taa Nairobi ilikuwa 202.61 na ya dizeli 200.99. Taa ya shosho ilikuwa ghali kuliko lori.

Narudi kwa dereva wa Probox, kwa sababu nadhani yeye ndiye jibu la swali la saikolojia, kwetu. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa shilingi yake mwenyewe, zaidi ya kile shosho alichodai. Lakini angalia alichokifanya. Shosho alikuwa anadai, yeye akamgeuza awe anaomba. Tangu hapo, kila neno ambalo shosho angesema lingekuwa la mwombaji mwenye kiburi. Na watu kwenye foleni walielewa hivyo mara moja, ndiyo maana walicheka. Bei yenye senti kwetu hailindwi na jicho linalosoma kutoka kushoto. Inalindwa na aibu. Mimi, wewe, mwalimu, mzee wa kanisa, sote tunajua zile senti 60 ni zetu na tunaondoka, kwa sababu hatutaki kuonekana ni watu wa kudai senti 60. Supamaketi zilizokuwa zikitupa peremende badala ya chenji zilijua hivyo. Ungeirudisha hiyo peremende kwenye kaunta useme unataka shilingi yako? Watoto wako wakiwa hapo?

Kuna wanaosema kwamba jambo ambalo kila mtu analijua na kulinyamazia si wizi, ni makubaliano. Nimelifikiria hili sana, maana lingenisaidia. Lakini makubaliano ni pale ambapo mtu anaweza kukataa na bado aende nyumbani na heshima yake. Shosho alikataa, na foleni nzima ikamcheka.

Isitoshe, hao hao waliocheka si watu wa kudharau senti. Nenda kwenye mkutano wa chama cha kahawa, huku kwetu kwa wakulima, siku ya kusoma malipo ya mwaka kwa kilo. Karani akisoma shilingi na kusahau senti, ukumbi wote unainuka. "Na senti ngapi?" Guka mwenye mashina 200 ya kahawa ataikariri ile nambari mpaka tarakimu ya mwisho, na atakuambia kiwanda cha mtaa wa pili kililipa zaidi kwa senti 30, na ataisema kwa hasira. Hakuna anayemwambia ashike bob aende nyumbani. Bonasi ya majani chai ni hivyo hivyo, na bei ya lita ya maziwa. Unaweza kusema ni kwa sababu pale senti zinazidishwa kwa maelfu ya kilo. Sawa. Lakini za shosho nazo zilikuwa zinazidishwa, ila upande wa pili wa kaunta. Mkulima kwenye mkutano yuko na wenzake mia tatu. Kwenye pampu uko peke yako na honi iko nyuma yako.

Soko la Karatina limenisumbua kwa njia nyingine. Pale hakuna senti kabisa. Viazi ni fungu, ni kasuku, ni ndoo, na bei ni mbao, hamsini, soo. Mama akishakupimia, anachukua viazi viwili vya juu anakutupia kwenye mfuko. Ukisahau kuomba nyongeza anakushangaa. Najua ujanja wa soko, ndoo iliyobonyezwa chini, viazi vikubwa vikiwekwa juu. Sisemi ni malaika. Nasema kile kipande kisichogawanyika, pale Karatina, kinaenda kwa mnunuzi, wazi, kwa mkono, na hakuna anayemwona ombaomba kwa kusema, "Niongeze."

Nimesema sikujua zile senti zinaenda wapi. Si kweli, nilijua. Jioni tulifunga hesabu. Pampu inasema umeuza lita kadhaa kwa pesa kadhaa mpaka senti, na wewe unaleta ulichokusanya. Ikipungua, hiyo ni shoti, inakatwa kwenye mshahara. Ikizidi, hakuna anayekuuliza. Siku ya wateja 60 wa lita nzima ungebaki na shilingi 30 hivi, chai na mandazi mawili. Tuliiita bima, kwa sababu kesho yake ungeweza kupatwa na shoti ya mia mbili kwa noti moja uliyohesabu vibaya. Tajiri mwenye kituo hakuwahi kutuambia tuchukue senti za watu. Alihakikisha tu kwamba kosa lolote litalipwa na sisi, halafu akatuacha na foleni. Simtupii lawama yote. Nilikula hayo mandazi, na yalikuwa matamu, na senti 60 za mama mzee anayenunua lita moja kwa mwezi zingekuwa ndani yake kama angekuwa ameona aibu kama wengine.

Mwezi uliofuata alirudi na chupa yake na gunzi lake. Bei ilikuwa imebadilika, sasa iliishia na senti 75. Nikaanza kutafuta shilingi mfukoni kabla hajasema kitu. Akanizuia. "Wewe chukua shilingi nzima. Hizo ishirini na tano toa kwa zile arobaini. Nabaki na deni ya kumi na tano." Nikabaki nimeshika mpira wa pampu. Alikuwa amezibeba kichwani mwezi mzima.

Tukaendelea hivyo. Mwezi mmoja mimi ninamdai, mwezi mwingine yeye ananidai, hatukuandika popote. Wenzangu walinicheka, wakaniita mhasibu wa shosho. Nilipoacha kazi nilimwambia mwezi mmoja kabla, ili tufunge hesabu. Kwa hesabu yangu alikuwa ananidai senti 20. Yeye akasema ni 35, kwamba nimesahau ile ya Aprili wakati pampu iliruka kidogo kabla sijaachilia. Tulibishana mpaka foleni ikafika barabarani, na mara hii mimi ndiye niliyewaambia wangoje.